Gome la muiri: dawa ya wazee na mbegu zinazopotea msituni

Katika zahanati ndogo za mitaa yetu ya Eastlands, mzee hasemi mara moja kilichomleta. Atakwambia mgongo unamuuma, au presha imepanda, au amekuja tu kupimwa sukari. Utampima, utaandika, atavaa shati lake, na akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango ndipo atakapogeuka na kusema kwa sauti ya chini, "Daktari, kuna jambo jingine dogo." Jambo hilo dogo ni kwamba anaamka mara nne au tano kila usiku kwenda haja ndogo. Na katika ploti yenye vyumba kumi na choo kimoja mwisho wa ua, kuamka mara tano usiku si jambo dogo hata kidogo.

Mzee mmoja wa aina hiyo alinijia akiwa na chupa ya plastiki mkononi. Ndani mlikuwa na maji mekundu yaliyokaribia weusi. Alikuwa ameyanywa kwa miezi minane, kikombe asubuhi na kikombe jioni, na alitaka kujua kama angeweza kuendelea nayo huku akimeza vidonge vya presha. Nilimuuliza ni dawa gani.

"Ni muiri," akasema. "Lakini huu wa siku hizi hauna nguvu kama ule wa zamani. Mama anayeniuzia anasema ule wa zamani ulitoka msitu mwingine."

Huenda mama huyo alikuwa akijitetea tu mbele ya mteja aliyelalamika. Hata hivyo, alilolisema lina ukweli mkubwa ndani yake, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Wengi wetu hudhani kuwa mti wa dawa ni mti wa dawa: ukiukata mmoja na kupanda mwingine wa jina hilo hilo, hesabu imetimia. Sivyo ilivyo.

Tezi inayokua upya

Tuanze na mwili. Kila mwanamume ana tezi dume, iliyokaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo kama pete inavyozunguka kidole. Kijana wa miaka 20 ana tezi yenye ukubwa wa ndimu ndogo. Kuanzia miaka 40 hivi tezi hiyo huanza kukua tena, na kwa kuwa imeuzunguka mrija, ikikua huubana. Wafikapo miaka 60, karibu nusu ya wanaume huwa tezi zao zimetanuka, na wafikapo 85 ni karibu tisa kati ya kumi. Si wote wanaosumbuka. Wanaosumbuka husimama chooni wakisubiri mkojo uanze, hukojoa kwa kukatakata na bila kasi, huhisi kuwa kibofu hakijaisha, na huamka usiku.

Kutanuka huku si saratani, wala hakugeuki kuwa saratani. Lakini saratani ya tezi hiyo hiyo, ambayo inaongoza miongoni mwa saratani za wanaume hapa Kenya, yaweza kuja na dalili hizo hizo au ikaja bila dalili yoyote. Chupa ya maji mekundu haiwezi kutofautisha. Kinachotofautisha ni damu kupimwa kipimo kiitwacho PSA, daktari kuipapasa tezi kwa kidole, na ikibidi kipande kidogo cha nyama kutolewa na kupelekwa maabara. Najua ni kidole kinachowafukuza wengi. Kipimo hicho huchukua muda mfupi kuliko kungoja matatu pale Donholm saa kumi na mbili jioni.

Huyu mzee wangu damu yake ilikuwa sawa kwa umri wake, na sukari hakuwa nayo. Ila kidonge chake cha presha kilikuwa cha aina inayoongeza mkojo, naye alikuwa akikimeza saa tatu usiku baada ya taarifa ya habari. Nilimwambia akimeze asubuhi. Baada ya wiki mbili alikuwa akiamka mara mbili badala ya tano, na hapo sikuwa nimemwandikia dawa yoyote ya tezi. Nayasema haya ili msomaji aone kuwa si kila anayeamka usiku anahitaji muiri, wala si kila anayehitaji dawa anahitaji ile ghali.

Niongeze jambo moja kabla sijaingia msituni. Mzee mwenye tezi iliyotanuka asinunue ovyo dawa za mafua dukani. Baadhi ya dawa hizo hukaza mlango wa kibofu, na mtu akajikuta usiku wa manane hawezi kutoa hata tone. Hiyo ni dharura. Asingoje asubuhi wala asichemshiwe chochote; apelekwe hospitali awekwe mpira.

Kutoka mlimani hadi Ufaransa

Muiri ni jina la Kikuyu. Wakalenjin huuita tenduet, na wataalamu wa mimea huuita Prunus africana. Ni wa jamii moja na mpichi na mplamu, na ukisugua jani lake bichi kati ya vidole utasikia harufu ya lozi chungu. Hukua katika misitu ya milima: Mlima Kenya, Aberdare, Mau, Cherangani, Mlima Elgon, na pia Kakamega. Nje ya Kenya hupatikana kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na upande wa magharibi hadi Cameroon, na hata Madagascar. Ni mti mkubwa, unaoweza kupita mita 30, na mbao zake ni ngumu. Wazee wetu waliutumia kwa mipini, kwa nguzo na kwa dawa.

Mwaka wa 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya dawa inayotolewa katika gome la mti huu. Tangu hapo gome la muiri limekuwa bidhaa ya kimataifa. Hukaushwa, husagwa, dawa yake ikatolewa kiwandani kwa kemikali na kutiwa katika vidonge ambavyo wazee wa Ufaransa, Italia na kwingineko wamevimeza kwa miongo kadhaa kwa ugonjwa ule ule wa mzee wangu wa Eastlands.

Je, inafanya kazi? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la watafiti wa shirika la Cochrane lilikusanya majaribio 18 yaliyohusisha wanaume 1,562. Waliomeza dawa ya gome walikuwa na uwezekano zaidi ya maradufu wa kusema wamepata nafuu kuliko waliomeza vidonge vitupu. Kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19, na mkojo unaobaki kibofuni kwa asilimia 24. Majaribio hayo yalikuwa madogo na ya muda mfupi, kwa hiyo madaktari wengi bado huanza na dawa kama tamsulosin au finasteride. Lakini si uganga wa bure. Wazee wetu hawakukosea mti.

Ila kuna tofauti kati ya kidonge kile na chupa ya sokoni, na ni lazima niiseme. Viungo vingi vinavyosaidia tezi ni vya asili ya mafuta, na haviyeyuki vyema katika maji. Kiwandani hutolewa kwa kemikali maalumu na kupimwa, kwa kawaida miligramu 100 au zaidi kidogo kwa siku. Ukichemsha gome katika sufuria hujui umepata kiasi gani. Pia ile harufu ya lozi chungu si pambo: ni dalili ya kemikali ambayo ikivunjika hutoa sumu ya sayanidi. Kikombe kimoja hakijaua mzee yeyote ninayemjua, lakini sitamwambia mgonjwa wangu kuwa kadiri anavyokunywa zaidi ndivyo atakavyopona zaidi.

Mti unaovuliwa ngozi

Gome la mti si kama jani. Chini yake hupita njia zinazopeleka chakula kutoka kwenye majani hadi kwenye mizizi. Ukilibandua kuuzunguka mti wote, mizizi hufa njaa, na mti hufuata. Huko Cameroon, ambako biashara ilianza mapema, wakataji walifundishwa kubandua pande mbili tu zinazotazamana, kwenye mti mnene, kisha kuuacha miaka kadhaa upone. Muiri, tofauti na miti mingi, una uwezo wa kuotesha gome jipya. Lakini bei ilipopanda na wakataji wakawa wengi, wengi hawakungoja. Mti ulivuliwa wote kuanzia chini hadi kwenye matawi, au ukaangushwa kwanza ili kazi iwe rahisi.

Katika miaka ya 1990 biashara ya dunia ilikuwa imefikia zaidi ya tani 3,000 za gome kwa mwaka. Kenya nayo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza. Kufikia Februari 1995 muiri uliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ule unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na tangu hapo haupaswi kuvuka mpaka bila kibali. Mwaka wa 2007 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kwa muda ununuzi wa gome kutoka Cameroon kwa sababu haikuonekana kama miti ilikuwa ikivunwa kwa kiasi.

Sheria hizi zinahesabu tani na miti. Kuna kitu kingine ambacho hakihesabiki kwa jicho, nacho ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi kama daktari.

Si kila muiri ni muiri

Kila kiumbe hubeba chembe za urithi, ambazo wataalamu huziita jeni. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja hawafanani: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja akiumwa na mbu anaugua wiki nzima, mwingine anakwenda shule. Hapa kwetu mfano tunaoujua vyema madaktari ni wa selimundu. Mtoto aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili huugua sana, lakini aliyerithi kutoka kwa mmoja tu hulindwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo imedumu kando ya Ziwa Victoria na Pwani, ambako mbu wamekuwa wengi tangu zamani. Kile kinachoonekana kasoro mahali pamoja ni ngao mahali pengine.

Miti nayo ni hivyo. Katika msitu mzima wa muiri kuna mti unaostahimili ukame, kuna unaostahimili wadudu, kuna wenye gome lenye dawa nyingi na wenye dawa kidogo, na kwa macho yote ni mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012 ulipima viungo vya dawa katika magome ya muiri kutoka sehemu nyingi za Afrika. Viwango vilitofautiana sana kutoka mahali hadi mahali. Kabla ya hapo, mwaka wa 1999, watafiti walikuwa wameonyesha kuwa muiri wa Kenya, Uganda, Ethiopia, Cameroon na Madagascar umeachana kwa muda mrefu kiasi cha kutofautiana katika jeni zake. Kwa hiyo yule mama wa sokoni anaposema gome la msitu mwingine lilikuwa na nguvu zaidi, mimi simcheki.

Mambo hayaishii kwa nchi na nchi. Wataalamu waliochunguza muthiga, ule mti wenye gome kali kama pilipili ambao wengi wetu tuliutafuna utotoni kwa ajili ya jino au kikohozi (Wamaasai huuita osokonoi, Wakalenjin soget), walilinganisha miti iliyo mashariki ya Bonde la Ufa na iliyo magharibi. Walikuta tofauti za urithi kati ya pande hizo mbili. Bonde lenyewe, pamoja na ukavu wake, limezitenganisha koo hizo kwa muda mrefu kama mto unavyotenganisha vijiji viwili visivyo na daraja.

Tofauti hizo zaweza kuwa na uzito gani kwa mgonjwa? Historia ya kwinini inatupa jibu, na ni hadithi ambayo kila mwanafunzi wa udaktari angestahili kusimuliwa. Kwinini hutoka katika gome la mti wa sinkona wa milima ya Amerika Kusini. Katika miaka ya 1860 Waingereza walichukua mbegu za sinkona, wakapanda mashamba makubwa India. Miti ilimea vizuri sana. Ilipopimwa, gome lake lilikuwa na kwinini kidogo tu.

Wakati huo huo mfanyabiashara Mwingereza aliyeitwa Charles Ledger alikuwa na mtumishi wake huko Bolivia, Manuel Incra Mamani, mwenyeji aliyezijua sinkona moja moja kama mchungaji ajuavyo ng'ombe wake. Mamani alingoja miaka kadhaa hadi miti aliyoitaka yeye ikazaa, akazileta mbegu. Zilipofika London mwaka wa 1865, serikali ya Uingereza haikuzitaka. Waholanzi walinunua kiasi kidogo, wakazipanda Java. Miti iliyotokana na mfuko ule ilikuwa na kwinini iliyofika hata asilimia 13 ya uzito wa gome. Baada ya muda Java ikawa ndiyo inayolisha dunia karibu yote kwa kwinini. Mamani mwenyewe alikamatwa kwao kwa kutoa mbegu nje, akapigwa, akafa. Na Wajapani walipoiteka Java mwaka wa 1942, majeshi ya upande wa pili yalibaki yakihangaika na malaria bila dawa.

Zote zilikuwa sinkona. Mtu asiyejua angeziweka katika mfuko mmoja. Laiti wakataji wangalikuwa wameikata miti ile ya Mamani miaka kumi mapema, hakuna ambaye angejua kilichopotea, na wagonjwa wangeendelea kufa wakinywa gome dhaifu.

Wanaokatwa kwanza ni wazazi

Sasa rudi kwenye muiri. Mkataji wa gome huchagua mti mnene, kwa sababu gome lake ni zito. Lakini mti mnene ndio unaozaa. Muiri huchukua takriban miaka 15 au zaidi kabla haujazaa sawasawa. Maua yake huchavushwa na wadudu wanaopita kutoka mti hadi mti, na matunda yake huliwa na ndege na mbega, ambao huzitupa mbegu mbali na mama yao. Ukiiondoa miti mikubwa, inayobaki iko mbali mbali. Nyuki hafiki. Mti huzaa na jirani aliyebaki, ambaye huenda ni ndugu yake.

Wasomaji wengi wametoka katika jamii ambazo kijana haoi katika ukoo wake. Wazee waliiweka sheria hiyo bila darubini wala maabara. Mti hauna wazee wa kuukataza. Ukoo wa miti ukizaana ndani kwa ndani, baada ya vizazi vichache miche huwa dhaifu, na ugonjwa mmoja ukiingia huwakuta wote hawana kinga.

Tumekwisha kuliona hilo hapa nchini, ingawa si kwa miti ya kwetu. Aina ya kwanza ya msaipresi iliyopandwa kwa wingi na serikali ya kikoloni iliharibiwa na ugonjwa wa kuvu katikati ya karne iliyopita, ikabidi ipandwe aina nyingine. Kisha mwaka wa 1990 chawa wa misaipresi akaingia Kenya kutoka kusini, na nyua zilizokuwa kijani zikageuka rangi ya kutu. Shamba la miti inayofanana ni karamu kwa mdudu wa kwanza anayejua kuila.

Miche ya kando ya barabara

Mwishoni mwa 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka wa 2032, na Novemba 13, 2023 tulipewa siku nzima ya mapumziko ili tukapande. Sina ugomvi na mpango huo. Swali langu ni hili: mbegu zinatoka wapi?

Watafiti waliowatembelea wenye vitalu vya miche katika Afrika Mashariki walikuta kuwa mbegu za aina moja mara nyingi hukusanywa kutoka kwa miti michache mno, wakati mwingine mmoja tu. Inaeleweka. Mwenye kitalu ni mfanyabiashara mdogo kama muuza sukuma wiki. Anaujua mti mmoja mzuri karibu na kanisa au shule, unazaa kila mwaka, na chini yake mbegu zimetapakaa. Kwa nini apande mlima? Basi anaotesha miche elfu mbili, na hiyo elfu mbili yote ni watoto wa mama mmoja. Wewe unanunua mmoja, jirani yako mmoja, shule inanunua 100. Baada ya miaka 20 miti hiyo itazaana yenyewe kwa yenyewe. Kwa hesabu ni msitu. Kwa urithi ni nyumba moja.

Wataalamu hushauri kuwa mbegu zikusanywe kutoka kwa miti 30 au zaidi, na iwe mbali mbali kwa mita 50 hadi 100 ili isiwe ndugu, kisha zichanganywe kabla ya kuoteshwa. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina kituo cha mbegu pale Muguga, na mbegu zake huuzwa zikijulikana zilikotoka. Wenye vitalu wanaweza kupewa hizo, au wakabadilishana mbegu wao kwa wao, Meru na Embu, Nandi na Kericho. Gharama yake ni nauli.

Pengine msomaji atauliza, kwa nini tusizihifadhi tu mbegu za aina zote katika jokofu? Kenya ina benki ya mbegu hapo hapo Muguga tangu 1988, na kwa mahindi, maharagwe na mtama kazi hiyo inafanyika: mbegu hukaushwa, hugandishwa, zikakaa miaka mingi. Lakini mbegu ya muiri haivumilii. Ikikaa miezi michache hupoteza uhai, na kukaushwa sana kunaiua. Muthiga nao ni wa tabia hiyo hiyo. Kwa miti kama hii benki ya kweli ni msitu uliosimama, au mashamba ya miti hai yaliyopandwa kutoka sehemu mbalimbali. Ndiyo sababu Karura ilipopiganiwa na marehemu Wangari Maathai na wenzake mwaka wa 1998 na 1999, walichookoa hakikuwa pahali pa kupunga upepo tu. Muthiga umo mle ndani hadi leo.

Sisi wa mitaani hatuna msitu, lakini wengi tuna kipande cha ardhi huko nyumbani, na tukienda krismasi tunabeba mche au miwili kwenye basi. Hapo pana jambo la kuangalia. Muiri au muthiga wa kupandwa Vihiga au Nandi ni heri utokane na mbegu za huko magharibi, na wa kupandwa Murang'a au Embu utokane na za huku mashariki. Muulize mwenye kitalu mbegu alizitoa wapi na kwa miti mingapi. Asipojua, nunua mche mmoja kwake na mwingine kwa mwenzake wa mji mwingine. Na ukiwa na mti mkubwa shambani, usimruhusu mnunuzi wa gome auzungushe kisu. Pande mbili zinazotazamana, basi, na hata hizo baada ya kuhakikisha mti ni mnene kuliko mapaja mawili ya mtu mzima.

Msitu wa serikali ni habari nyingine. Kubandua gome humo bila idhini ya idara ya misitu ni kosa, na gunia linalofika Muthurwa au Gikomba mara nyingi haliwezi kueleza lilikotoka.

Nilimwomba yule mzee, alipokuja mara ya pili, aniletee kipande cha gome lenyewe kabla halijasagwa. Gome la muiri uliokomaa ni jeusi, nene, limepasukapasuka kama ardhi ya kiangazi. Alilonifungulia katika karatasi ya gazeti lilikuwa laini na jembamba kama kifuniko cha daftari, lililobanduliwa kwa mti ambao haujawahi kuzaa. Mama wa sokoni alikuwa amemwambia kuwa siku hizi huletewa na kijana mmoja, kwa gunia, na hajui msitu gani.